Modemu Haisomi: Linux, Mtumba na Umbali wa Makanya

Malalamiko yenyewe ni mafupi. Jana kompyuta ilikuwa nzima. Usiku mwenyewe akapandisha toleo la Linux. Asubuhi waifai haipo, au spika zimenyamaza, au modemu imechomekwa na hakuna kinachotokea. "Haisomi," anasema mteja, na fundi anayempokea hahitaji maelezo zaidi. Tatizo hili lina umri wa Linux yenyewe. Ila kwa miaka mingi suluhisho lake lilipatikana mahali pamoja tu, kwenye intaneti. Kwa mtu wa Dar es Salaam huo ulikuwa usumbufu wa saa moja. Kwa mtu wa Makanya lilikuwa suala la nauli.

Makanya iko wilayani Same, kwenye tambarare kavu chini ya milima ya Upare Kusini, upande wa magharibi. Abiria wa basi la Dar kwenda Moshi huipita muda mfupi kabla ya kufika Same mjini, na wengi huikumbuka kwa mkonge na vumbi jeupe la jasi inayochimbwa huko na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji. Juu milimani kuna Suji, Vudee na Chome, kwenye mvua, migomba na mifereji; huku chini watu husubiri mafuriko ya msimu yashuke ndipo walime. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo 1905, Buiko 1909, kisha ikakata tambarare hii hadi Moshi mwaka 1911. Barabara kuu inapita hapa. Nyaya za umeme mkubwa kutoka Hale kwenda Same na Kiyungi nazo zinapita ukanda huu huu. Lakini kupitiwa na kitu si sawa na kukipata: treni ya abiria ya kwenda Moshi ilikoma miaka ya tisini, na haikurudi mpaka Desemba 2019, baada ya robo karne hivi.

Tanzania iliingia mapema kwenye kompyuta, na ikatoka kwa hasira. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, mashine ya Kiingereza kwa jina na ya Kimarekani kwa damu, maana ilikuwa RCA 301 iliyobandikwa nembo nyingine. Hesabu za serikali zikavurugika badala ya kunyooka. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Zanzibar, kwa kawaida yake ya kwenda kivyake, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka mmoja kabla.

Amri ile ililegezwa kidogo kidogo, na mlango ulipofunguka sawasawa miaka ya tisini, zilizoingia kwa wingi hazikuwa mashine mpya. Zilikuwa mtumba: kompyuta za ofisi za Ulaya zilizomaliza muda wake, za misaada ya mashule, za makontena ya Dubai, nyingine zimeshafunguliwa na kubadilishwa vipande kabla hazijafika Kariakoo. Laptopu ya jina moja nje inaweza kuwa na kadi ya waifai ya kampuni nyingine ndani. Windows yenye leseni halali iliweza kuwa ghali kuliko mashine yenyewe, ndiyo maana "kupiga Windows" kwa sidii iliyonakiliwa kukawa biashara ya kila kona. Kwa wachache waliotaka kitu halali na chepesi kwa mashine kuukuu, Linux ilikuwa jibu. Na hao ndio waliokutana na vifaa visivyosoma.

Linux yenyewe ilianza kama kazi ya mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyeitangaza Agosti 1991. Ilikuwa ya kompyuta yake tu, yenye prosesa ya Intel 386. Leo kiini hicho, yaani kerneli, hubeba ndani yake draiva za maelfu ya vifaa, na hapo ndipo inapotofautiana na Windows. Kwenye Windows kila kampuni huleta draiva yake yenyewe. Kwenye Linux draiva nyingi hukaa pamoja na kerneli, hubadilika nayo, na wakati mwingine hufutwa nayo. Anayepandisha toleo habadilishi sura ya madirisha peke yake. Anabadilisha ghala zima la draiva kwa mkupuo mmoja, hata kama hakukusudia.

Kifaa kinapochomekwa hutaja namba mbili, ya kampuni na ya aina, kama mgeni anayetaja ukoo wake mlangoni kabla ya kutaja jina. Intel ni 8086, namba ambayo kampuni hiyo iliichagua bila shaka kwa kujisifia prosesa yake ya mwaka 1978. Broadcom ni 14e4. Realtek ni 10ec. Huawei, kwenye USB, ni 12d1. Kerneli hutazama orodha yake, ikaona draiva inayodai namba hizo, ikaiita. Draiva nayo, kwa vifaa vingi vya kisasa, huomba faili la tatu liitwalo fimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe ili kiamke. Kwa hiyo neno moja la mteja, "haisomi", laweza kuwa na maana tatu. Kifaa hakionekani kabisa. Au kinaonekana lakini hakuna draiva inayokidai. Au draiva ipo na inasubiri fimwea isiyokuwepo. Fundi mzuri huanza na amri mbili, lspci na lsusb, kwa sababu kama namba zinajitokeza hapo, kifaa hakijafa. Kisha husoma dmesg, shajara ya kerneli, mahali ambapo mara nyingi jina la faili linalokosekana limeandikwa herufi kwa herufi.

Wengi hawafiki huko. Huanza kufungua skrubu.

Mwaka 2007 ulileta mshtuko wa kwanza uliowagusa watu wengi kwa pamoja. Hadi wakati huo diski za aina ya zamani ziliitwa hda, hdb na kuendelea. Fedora 7 na Ubuntu 7.04, matoleo mawili ya Linux, zikahamia kwenye draiva mpya, na diski ileile ikaamka ikiitwa sda. Faili la mipangilio lililosema "washa kutoka hda1" likawa linaelekeza kwenye nyumba isiyokuwepo tena mtaani, na kompyuta ikasimama kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe. Data zote zilikuwa salama. Kipindi hicho ikawa kawaida diski kutambuliwa kwa namba ndefu za kudumu, ambazo hakuna binadamu anayezikariri, lakini hazibadiliki.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya waifai. Laptopu nyingi za Dell na HP za enzi hizo, ambazo baadaye zilijaa kwenye masoko ya mtumba ya Afrika Mashariki, zilikuwa na kadi za Broadcom. Kampuni hiyo haikuwapa watu wa Linux maelezo ya namna kadi zake zinavyofanya kazi, hivyo wajitolea walizichunguza kwa kuvizia wakaandika draiva yao, bcm43xx, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.17 mwaka 2006. Januari 2008 kerneli 2.6.24 ikaleta draiva bora zaidi, b43. Bora, ila ilidai fimwea ya toleo la nne wakati ile ya zamani ilitumia ya toleo la tatu. Fimwea hiyo haikuruhusiwa kugawanywa pamoja na Linux. Ilibidi ikatwe kutoka kwenye draiva ya Broadcom yenyewe kwa programu ndogo iitwayo b43-fwcutter, baada ya kupakua faili kutoka intaneti. Aprili 2008 Ubuntu 8.04 ikatoka na kerneli hiyohiyo. Mtu aliyepandisha toleo akapoteza waifai, akaambiwa dawa iko kwenye intaneti, na njia yake pekee ya kufika huko ilikuwa waifai.

Ofisi ya Ulaya yenye kebo ya mtandao ukutani ilivuka tatizo hilo kwa dakika tano. Waandishi wa draiva wengi walikaa katika mazingira hayo, na si kosa kusema kwamba hawakumwazia mtu asiye na kebo.

Kitendawili hicho kilirudi kwa Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake. Desemba 2010 watu wa Debian walitangaza kwamba toleo lao la sita, lililotoka Februari 2011, lingekuja na kerneli isiyo na hata kipande cha fimwea isiyo huru. Kimsimamo ni jambo la kuheshimika. Kivitendo, kadi kadhaa za mtandao zikahitaji faili la ziada kutoka kwenye ghala jingine. Ilichukua zaidi ya miaka kumi msimamo huo kulegea: wanachama walipiga kura mwaka 2022, na Debian 12 ya Juni 2023 ikawa ya kwanza kuweka fimwea hizo ndani ya diski rasmi ya kufungia mfumo. Kwa mtu wa kijijini kura ile ilikuwa na faida kuliko mapambo yote yaliyowahi kuongezwa kwenye skrini.

Lakini kisa cha Afrika Mashariki hasa si cha kadi za Broadcom. Ni cha modemu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 intaneti ya watu wa kawaida Tanzania, Kenya na Uganda ilikaa kwenye kijiti cha plastiki chenye laini ya simu ndani, kwa kawaida Huawei iliyobandikwa nembo ya kampuni ya simu. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009 na bei zikaanza kushuka, ila kutoka mkongo hadi meza ya mtumiaji, hasa nje ya miji, njia ilikuwa mnara wa simu na kijiti kile. Waliokitengeneza walikuwa na hila moja ya kumsaidia mtumiaji wa Windows: kijiti kikichomekwa kwanza hujifanya ni sidii. Ndani ya "sidii" hiyo kuna draiva na programu ya kupigia. Windows huzifunga, kisha kijiti huvua joho la sidii na kuwa modemu.

Linux ikaamini alichosema mgeni. Ikaona sidii, ikafungua dirisha lenye mafaili ya Windows, ikatulia. Kwenye lsusb ilisomeka 12d1:1446, namba ya kifaa kilichobaki nusu njia. Modemu haikuwepo popote.

Mjerumani Josua Dietze ndiye aliyeandika programu iliyotegua fumbo hilo, usb_modeswitch. Kazi yake ni ndogo sana: hutuma ujumbe mfupi kwenye kijiti, kwa aina nyingi ule wa kawaida wa kutoa sidii, nacho hugeuka. Namba ya pili hubadilika, draiva iitwayo option hukidai, na faili tatu hujitokeza: ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB2. Halafu mtu hupiga *99# kupitia programu kama wvdial, na intaneti inaingia. (Taifa lililozoea kupiga *150*00# kutuma pesa halikuona ajabu kupiga nyota na reli ili kusoma barua pepe.) Ubuntu 8.10, Oktoba 2008, ndiyo iliyoanza kuifanya kazi hii iwe ya kubofya, bila kuandika amri.

Matatizo hayakuisha. Orodha ya namba za vijiti ilipaswa kukua kila kampuni ya simu ilipoleta aina mpya, na kila toleo jipya la Linux lilikuja na orodha yake, draiva zake na msimamizi wake wa mitandao. Baadaye vikaja vijiti visivyojionyesha kama modemu bali kama kadi ya mtandao, na mipangilio yote ya *99# ikawa haina maana. Aliyepandisha toleo kwa sidii aliyopewa na rafiki, bila intaneti ya kupakua orodha mpya, alibaki na kijiti kinachowaka taa na kutomfaa kitu.

Sidii zenyewe zina historia. Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu mwaka 2004, aliamua kuzituma bure kwa posta popote duniani. Utaratibu huo, ShipIt, ulidumu hadi Aprili 2011, na bahasha zake zilifika hata mahali ambapo kupakua megabaiti 700 kungemaliza vocha za mwezi. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Wasweden chini ya mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili fasaha. Ilikuwa kazi kubwa na inastahili sifa. Hata hivyo ilitafsiri menyu. Ujumbe wa hitilafu wa kerneli, ule unaotaja fimwea iliyokosekana, ulibaki Kiingereza, na ndio ambao fundi aliuhitaji zaidi.

Wakati huohuo bonde la Makanya lilikuwa likipimwa kuliko bonde lolote la jirani. Kuanzia 2003 hivi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Uholanzi na Sweden walitega vipima mvua na vya mtiririko kutoka Vudee na Bangalala hadi chini kijijini, wakifuatilia maji ya mito na ndiva, yale mabwawa ya jadi ya Wapare. Marloes Mul aliandika tasnifu yake ya mwaka 2009 Delft juu ya bonde hili, na kichwa chake kinazungumzia bonde lisilo na vipimo. Vifaa vinavyohifadhi takwimu shambani husomwa kwa laptopu, mara nyingi kupitia kebo yenye kipande kidogo cha elektroniki kinachogeuza mlango wa zamani wa kompyuta kuwa USB.

Kebo za namna hiyo, zinazotumiwa pia na mafundi wa redio na wa dishi, zilipatwa na mkasa wake Oktoba 2014. Kampuni ya FTDI, ambayo vipande vyake vilikuwa vikighushiwa mno, ilitoa draiva mpya ya Windows iliyofuta namba ya utambulisho ya vipande bandia na kuandika sifuri. Kebo iliyokuwa 0403:6001 ikawa 0403:0000, na haikusoma tena popote, hata kwenye mashine nyingine. Mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kwamba alichouziwa ni bandia. Mwenye duka naye huenda hakujua. Safari hii Linux ndiyo iliyotoa nafuu: waandishi wa kerneli waliongeza namba hiyo ya sifuri kwenye orodha ya draiva ya ftdi_sio, na kebo zilizouawa zikafufuka. Kampuni, baada ya kelele, iliiondoa draiva ile.

Upare si nchi ngeni kwa ufundi wa kupata kitu kutokana na kidogo kilichopo. Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa 1969, anawaeleza Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi ambao utawala wao ulitokana na chuma. Haimaanishi kwamba fundi wa leo amerithi nyundo zao. Lakini ukarabati kwenye miji midogo ya reli na barabara una mantiki yake, nayo ni kutotegemea kilicho mbali. Ndivyo walivyojifunza watu wa Linux vijijini, kwa kuchapwa. Huko Karatu, shirika la Powering Potential lilifunga kompyuta za sola kwenye shule za sekondari, na baadaye likahamia kwenye Raspberry Pi: bodi moja, vifaa vilevile, mfumo uleule kwenye kila dawati. Toleo jipya likijaribiwa kwenye mashine moja, limejaribiwa kwenye zote. Duka la stesheneri lenye laptopu tatu za mtumba za kampuni tatu haliwezi kusema hivyo.

Kilichobadilisha mambo kuliko kerneli yoyote ni simu. Tangu Android 2.2 ya mwaka 2010, simu inaweza kugawa intaneti yake kwa kompyuta kupitia kebo ileile ya kuchajia, na Linux huiona kama kadi ya mtandao, bila kuomba fimwea wala kijiti kugeuzwa. Android yenyewe hutumia kerneli ya Linux, kwa hiyo aliyekwama hukombolewa na ndugu wa mfumo uliomkwamisha. Pale Makanya, bando la simu na kebo nzima vimeondoa safari nyingi za Same. Kikwazo kikubwa kilichobaki ni mashine zenyewe kuachwa nyuma. Kerneli 3.8 ya mwaka 2013 ilikata 386, prosesa ambayo Torvalds alianzia. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kifungio wala kerneli ya kompyuta za biti 32. Miezi miwili baadaye, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashine nyingi zisizokubali Windows 11 zitaingia sokoni kama mtumba, na nyingi kati ya hizo zitapigwa Linux.

Kwa hiyo neno kwa mwenye mashine ya namna hiyo, awe Makanya, Mwembe au Hedaru. Kabla ya kupandisha toleo, fungua dirisha la amri, andika lspci -nn na lsusb, na unakili namba zote kwenye karatasi. Angalia dmesg inataja faili gani la fimwea sasa hivi, wakati kila kitu bado kinafanya kazi, na ulipakue la toleo jipya mapema. Usifute kerneli ya zamani. Wakati wa kuwasha, menyu ya GRUB hukuruhusu kurudi kwake ukaendelea na kazi huku ukitafuta tatizo. Na weka kila kitu kwenye flashi, si kwenye mashine ileile. Faili la fimwea la kadi moja ya waifai kwa kawaida halizidi megabaiti chache.